Mpangilio Namba Saba

Kazini walimwita Mgawaji, na jina hilo hakulipenda hata kidogo, maana aliyelianzisha alikuwa Bwana Mpira, na chochote kilichotoka kinywani mwa Bwana Mpira kilimchefua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika chumba kimoja kisicho na dirisha, chenye baridi ya kupoza mitambo, hata ikabidi avae sweta wakati nje watu wanajipepea kwa magazeti. Chaneli kumi na mbili za televisheni ziliingia humo kila moja na waya wake. Mashine moja, kubwa kama kabati la nguo, ilizibana zote zikawa mkondo mmoja, na mkondo huo ndio uliorushwa hadi kwenye satelaiti ukarudi chini majumbani. Mtazamaji akibonyeza rimoti hudhani kila chaneli imekuja kivyake. Hajui kwamba zimesafiri zimepakatana.

Ubaya wa mkondo ni kwamba nafasi yake haiongezeki. Ukiipa chaneli moja zaidi, umeinyang'anya nyingine, na iliyonyang'anywa picha yake huvunjika vipande vya mraba. Kazi ya mwenye zamu ni kugawa: hii isipungue hapa, ile isizidi pale. Na kwenye kugawa ndiko damu zao zilikokataana, yeye na Bwana Mpira, miaka sita mfululizo.

Bwana Mpira alishika zamu ya kuanzia saa nane mchana. Mtu mnene, mcheshi kwa wengine, mwenye mapenzi na chaneli ya michezo kupita kiasi. Kila akiingia aliivimbisha, na aliyoikamua zaidi ilikuwa chaneli ya viziwi.

"Mtu mmoja kasimama mbele ya pazia," alikuwa akisema. "Nafasi yote hiyo ya nini? Picha ya kitambulisho tu inamtosha."

"Anaongea kwa vidole, wewe! Vidole vikivunjika ameongea nini?"

"Basi aandike barua."

Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Mgawaji akawa kila asubuhi anaipandisha chaneli ya viziwi, na kila mchana Bwana Mpira anaishusha. Walikutana dakika kumi tu kwa siku, wakati wa kupokezana zamu, na dakika kumi hizo ziliwatosha kurushiana maneno ya wiki nzima. Mkuu wao alishachoka kuwaamua. Alisema wote wawili wana akili za watoto, akafunga mlango wa ofisi yake.

Lakini kwa Mgawaji hili halikuwa jambo la kitoto. Kitindamimba wao alikuwa kiziwi tangu homa ya utotoni, na yeye, dada mtu, ndiye pekee nyumbani aliyejifunza naye lugha ya alama, ishara kwa ishara, sakafuni jikoni. Sasa mdogo wake huyo ana miaka thelathini, fundi wa kupiga randa milango ya watu, na chaneli ya viziwi ilikuwa imempa nafasi ya kujaribiwa: dakika kumi za habari, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Watazamaji wangetuma maoni yao, na kwa maoni hayo angechukuliwa kazi au angerudi kwenye randa. Miezi miwili alikuwa akifanya mazoezi mbele ya kioo, akiwa na shati lililopigwa pasi.

"Si umwombe tu huyo mwenzako," mama yao alimwambia. "Siku moja tu. Na yeye ni mtoto wa mtu."

"Nimwombe yule, mama? Nimpigie magoti yule? Labda nife kwanza."

Akaamua kumkomesha. Mashine ile huhifadhi mipangilio kwa namba, na namba saba ilikuwa yake, ameitengeneza mwenyewe, chaneli ya viziwi imeshiba ndani yake. Ijumaa hiyo, saa nane kasoro dakika tano, aliita namba saba. Alitupa jicho kwenye skrini za ukutani. Chaneli ya viziwi ilikuwa inaonyesha bango la ratiba ya jioni, herufi zake safi kabisa. Akaridhika. Akaifunga mashine kwa neno la siri jipya analolijua yeye peke yake, akabeba mkoba wake. Kwenye korido alipishana na Bwana Mpira.

"Leo umenuna kidogo. Unaumwa?"

"Nenda kazini, bwana."

Alitoka akicheka moyoni, na kicheko hicho alikuja kukijutia.

Saa kumi na mbili alikuwa sebuleni na mama yake. Mdogo wake akatokea, mbele ya pazia la buluu, nadhifu, uso umetulia, na mama yao akapiga makofi. Kisha akainua mikono, na mikono ikageuka viraka. Vidole vikaungana na shati, shati likaungana na pazia. Aliposhusha mikono picha ikawa safi, alipoiinua tena ikasambaratika.

"Mbona simwoni mikono?" mama akauliza.

Mgawaji alikuwa ameshapiga simu, mate yanamruka. "Mshenzi wewe! Umefanya nini? Rudisha!"

"Nirudishe nini?" Bwana Mpira naye alikuwa juu. "Nina mechi hapa na siwezi kugusa kitu. Umefunga mashine, mwanamke. Nipe neno la siri."

"Nikupe uzidi kuharibu? Ng'o!"

"Nipe niifungue!"

"Umepitia mlango wa nyuma, nakujua. Rudisha ulivyokuta!"

Walitukanana. Kwenye skrini viraka vilikuwa vinasimulia jambo, kwa bidii. Mwishowe Bwana Mpira akapunguza sauti, na huko kupunguza ndiko kulikomtia hofu.

"Sikiliza, nakusomea. Mpangilio namba saba. Chaneli ya viziwi, kiwango cha juu, nusu ya ulichoipa wewe. Nusu! Hiyo saba niliiandika upya mimi, juzi, kwa kukukera. Nilijua utaangalia tarakimu kabla ya kuiita. Kila mtu huangalia."

Hakuangalia. Aliangalia bango. Na bango halitembei, na picha isiyotembea hata ukiinyima itaonekana imeshiba. Hilo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni wote wa chumba kile siku yao ya kwanza. Lakini siku hiyo haraka yake yote ilikuwa ya kumfungia mtu mlango.

Akalitaja neno la siri. Herufi nane. Mikono ya mdogo wake ilipofunguka, ikawa vidole kumi vilivyo wazi kabisa, ilikuwa inawaaga watazamaji.

Saa mbili mdogo wake akaingia, shati bado limenyooka. Simu yake ilikuwa imejaa ujumbe wa viziwi wenzake, na wote walisema kitu kimoja: hatukuelewa. Alikaa mbele ya dada yake akauliza kwa mikono: ni yule mtu wako?

Angeweza kusema ndiyo, na nusu yake ingekuwa kweli. Akajigusa kifua: mimi. Akamweleza yote. Mdogo wake akauliza: alipokuomba neno la siri, ulikaa muda gani kabla ya kumpa?

Dakika sita, akajibu.

Mdogo wake akamtazama kidogo, kisha akafumba macho. Hakuondoka. Alikaa palepale kwenye kiti, magoti yakikaribia kugusana na ya dada yake, macho ameyafumba kwa nguvu. Dada akamgusa bega, hakufumbua. Akamtikisa, hakufumbua.

"Mwombe msamaha basi," mama yao akasema. "Unangoja nini?"

Alikuwa anamwomba. Tangu yale macho yafumbwe, mikono yake haikuwa imepumzika.