Ndege Imeingia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tambara na debe la maji ya sabuni, nikaambiwa nilale chini ya ndege niipanguse tumbo. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe, kwa sababu mama yangu alisema kazi ya ndege ni kazi ya ofisi. Kufikia saa nne blauzi ilikuwa imekwisha. Mhandisi Mkuu alisimama kando, mikono nyuma, akanieleza kwamba anayepangusa tumbo la ndege kila siku hujua oili inavuja wapi kabla rubani hajajua. Hilo ndilo somo la kwanza nililopata katika uwanja mdogo wa Migori, na nyinyi vijana mnaotaka kuanzia kwenye kompyuta ningewapa hilo hilo.

Kampuni yetu ilikuwa na ndege tatu na karakana moja ya mabati. Tulisafirisha madaktari, wapima ardhi, wanunuzi wa dhahabu na watalii wachache. Ndege zote tatu zilikuwa za aina moja, Sesna 172: viti vinne, mabawa juu ya kichwa, na injini ya silinda nne inayopozwa kwa upepo. Yaani haina rejeta ya maji kama gari. Upepo huingia kwa matundu mawili yaliyo mbele, kushoto na kulia kwa propela, ukapita juu ya silinda na kutokea chini. Yakumbukeni matundu hayo mawili, kwa maana yalitaka kunitoa kazini.

Nilivunjika moyo kidogo nilipoziona. Nilikuwa nikitarajia ndege ya maana, na hizi mtu mzima angeweza kuzisukuma kwa mikono. Mhandisi Mkuu aliliona hilo usoni mwangu. Alikuwa mtu wa Lamu, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Aliniambia hakuna ndege duniani iliyoundwa kwa wingi kuliko hii niliyokuwa nikiidharau: zaidi ya elfu arobaini. Iliyoikaribia ilikuwa ndege moja ya vita ya Kirusi, nayo iliundwa haraka kwa sababu ilitunguliwa haraka. Hii yetu iliundwa ili watu wajifunzie kuruka na kurudi nyumbani.

"Sasa sikiliza, Robi," alisema. "Ndege elfu arobaini zimepita mikononi mwa mafundi wangapi? Kosa lolote unaloweza kulifanya kwenye ndege hii, mtu ameshalifanya, na limeandikwa." Akanionyesha rafu iliyojaa nyaraka za huduma, zile karatasi ambazo waundaji huwatumia mafundi kila tatizo jipya linapogunduliwa. "Kazi yako ni kuzisoma. Usinibunie kosa jipya."

Siku hiyo hiyo alinishika kwa upande mwingine. Mimi ni Mkuria, na Kiswahili changu kilikuwa cha soko la Isebania, ambako kila kitu ni "i" na watu wanaelewana vizuri tu. Nilimwambia ndege imejenga kiota juu ya mlango wa stoo. Akaniuliza ni ndege ipi kati ya hizo tatu iliyojifunza kujenga. Kisha akanieleza pale pale, tambara likiwa bado mkononi mwangu, kwamba ndege wa manyoya ameingia, na ndege ya mabati imeingia. Wenzangu walicheka. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Mwalimu wa Ngeli, na mimi nilijiambia moyoni kwamba boliti haijui ngeli.

Nilikaa Migori miaka sita. Nilijifunza kuchota mafuta kidogo chini ya bawa kila asubuhi kwenye kikombe kinachoonyesha ndani, kuangalia kama maji yameingia tangini. Nilijifunza kufunga waya wa usalama, ule mwembamba unaosokotwa kwenye vichwa vya boliti ili mtikisiko usizilegeze, na Mhandisi Mkuu alikuwa akiupima kwa ukucha wake. Nilijifunza pia faida ya kufanya kazi na ndege ya kila mtu. Mara moja rubani wetu alikimbia mvua akatua kwenye barabara ya mashamba ya miwa huko Awendo, tairi la mbele likapasuka. Tuliazima tairi kutoka kwa ndege ya wamisionari, likaingia bila kunong'ona, huku malori ya miwa yamepanga foleni na madereva wakinipa ushauri ambao sikuuomba.

Baadaye nilipata leseni, na pamoja nayo muhuri. Muhuri huo ndio heshima ya fundi wa ndege. Ukiugonga kwenye daftari la ndege umesema: nimeiangalia mwenyewe, inafaa kuruka. Hakuna rubani anayeondoka bila huo. Basi nikahamishiwa uwanja wa Kabunde, nje ya mji wa Homa Bay, nikawa fundi peke yangu na muhuri wangu, na kichwa kikavimba kidogo.

Kituoni tulikuwa watu watatu wa kudumu. Meneja wa Kituo alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa na barua nyingi. Mlinzi alikuwa Mzee Ombura, Mjaluo wa Lambwe, ambaye zamani alifanya kazi ya kutega mbung'o kwa vitambaa vya buluu huko bondeni. Aliniita "Mama fundi" mbele ya wageni, na "nyar Kuria", yaani binti wa Kuria, tukiwa wawili. Tuliongea Kiswahili, kwa sababu Kikuria hakukijua, na Dholuo changu kilikuwa cha kununulia samaki. Meneja alikuwa amempa amri moja kali: asiguse ndege hata kwa kidole bila ruhusa ya fundi.

Siku yenyewe niliikagua ndege asubuhi, kila kitu. Daktari wa macho alikuwa arudi Nairobi na muuguzi wake saa tisa alasiri. Vile vizibo viwili vya sponji tunavyotia kwenye matundu ya injini ndege ikiegeshwa vilikuwa vimeraruka kitambaa, nikavitia mfukoni niende navyo mjini kwa fundi cherehani. Kabla ya kuondoka nilimwambia Mzee Ombura awaite wapakiaji waisukume ndege ndani ya banda, jua lisiichome, na ikishaingia anipigie simu.

Saa sita simu ikalia.

"Mama fundi, ndege imeingia."

Nikamshukuru.

"Imeingia na nyasi mingi, mama. Niitoe?"

Uwanja ulikuwa umefyekwa juzi yake, na magurudumu hubeba nyasi. Sikuona ajabu yoyote. "Usiguse, Mzee," nikamwambia. "Iache hivyo hivyo. Nikija nitasafisha mwenyewe."

"Sawa. Wewe ndio mwenyewe."

Fundi cherehani alikuwa na gauni la bibi harusi mbele yangu, kwa hiyo nilifika uwanjani saa tisa kasorobo. Ndege ilikuwa bandani kama nilivyoagiza. Niliinama kwenye magurudumu, nikang'oa nyasi chache nilizozikuta, na Mzee Ombura akiniona nimeinama akaridhika kwamba nimesafisha. Rubani naye alipaswa kuchungulia matundu ya injini. Alinitazama, mimi nikaitikia kwa kichwa, akapanda. Nikagonga muhuri kwa kile nilichokuwa nimekiona asubuhi.

Ndege iliruka vizuri. Ilikuwa imegeuka tu kuelekea mashariki nilipoiona inarudi, na nyuma yake kuna uzi wa moshi. Rubani aliitua, akazima injini katikati ya uwanja, na watu wakashuka wakikimbia. Yule muuguzi aliketi majanini, viatu mkononi. Nilifungua kifuniko cha injini. Juu ya silinda za kulia kulikuwa na kiota kizima, nyasi kavu, manyoya na kipande cha nailoni, nusu yake imeungua. Jozi ya ndege waitwao kwezi walikuwa wamekijenga kwa saa chache, vizibo vikiwa kwa fundi cherehani.

Mzee Ombura alisogea akatazama. Hakupandisha sauti. "Nilikuambia ndege imeingia," alisema. "Ukasema niiache, utasafisha. Ningejua hujaelewa, ningesema winyo."

Winyo ni ndege wa manyoya kwa Dholuo. Neno hilo nililijua. Hata mtu anayenunua samaki tu hulijua.

Jioni ile Meneja wa Kituo aliniita ofisini. Barua ya kumwachisha Mzee Ombura kazi ilikuwa tayari mezani, bado sahihi tu. Akanisogezea fomu ya taarifa ya tukio.

"Andika kwamba mlinzi hakutoa taarifa," alisema. "Mlinzi tutapata mwingine kesho. Fundi mwenye leseni hatutapata."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinisaidia, na alijua kwamba wanawake wenye leseni kama yangu walikuwa wa kuhesabika. Nami nawaambia ukweli, kwa sababu sasa hakuna wa kuninyang'anya chochote: niliandika. Niliandika "Mlinzi hakutoa", nikafika hapo kalamu ikasimama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Yule mzee alikuwa ametoa taarifa, akaomba ruhusa, akakatazwa, akatii. Ni mimi niliyefanya uvivu mara mbili, kwanza wa kusikiliza, pili wa kutazama. Nikayakata maneno yale mawili kwa mstari mmoja, yaonekane, kama sheria ya daftari la ndege inavyotaka. Chini yake nikaandika mazungumzo yetu ya simu neno kwa neno, na kwamba niligonga muhuri bila kuchungulia.

Asubuhi Mhandisi Mkuu alifika kwa gari kutoka Migori. Alisoma fomu mara mbili, akiwa amesimama. Nilimwona akipita juu ya maneno yaliyokatwa, akayarudia. Alipofika kwenye "imeingia" alivua miwani.

"Katika nyaraka zote zile za rafuni," aliniuliza, "umewahi kusoma kosa hili?"

"Hapana, bwana."

"Basi umebuni."

Alichukua muhuri wangu akautia mfukoni. Ulikaa huko miezi mitatu, na mimi miezi hiyo yote nilirudi Migori kupangusa matumbo ya ndege pamoja na wanafunzi. Barua ya Mzee Ombura haikutiwa sahihi. Kabla hajaondoka, Mhandisi Mkuu aliandika waraka wake mwenyewe, ukurasa mmoja, kwa ajili ya vituo vyetu viwili: kuanzia siku hiyo, mwenye manyoya ataitwa winyo, awe anazungumza Mkuria, Mjaluo au mtu wa Lamu. Kwenye orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka akaongeza mstari: "Winyo: hakuna." Niliporudi Kabunde na muhuri wangu, Mzee Ombura alinipokea getini. "Nyar Kuria, umerudi," alisema, akaenda kunionyesha kwamba vizibo viko mahali pake.

Kuanzia hapo ngeli nilizipanga kama ninavyopanga plagi, kila moja kwenye tundu lake. Nilifanya kazi hadi umri wa kustaafu, na sikumbuki kugonga muhuri tena kwa kitu nilichokiona asubuhi. Mhandisi Mkuu alirudi kwao Lamu zamani. Mzee Ombura tulimzika Lambwe miaka michache iliyopita. Kampuni ina wamiliki wengine sasa, lakini Sesna moja bado iko, ile ile, na vipuri vyake bado vinapatikana kirahisi kuliko vya pikipiki yangu.

Mwaka huu nilipita Kabunde nikiwa na safari zangu, nikaomba kuiona. Fundi wa sasa ni binti wa Machakos, mchapakazi, jina lake Mwende. Alikuwa ameshika orodha ya ukaguzi, anaweka alama mstari kwa mstari, bado ule mstari ukiwa chini kabisa.

"Winyo ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Hiyo ni neno ya kitaalamu, mama," alinijibu kwa heshima. "Nafikiri ni kifupisho. Manual za hawa watu wa Amerika zimejaa vifupisho."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka hata nilipokuwa nimeacha kucheka. Nikamwambia ni neno la mzee mmoja aliyekuwa mlinzi hapa, nikamsimulia yote, pamoja na maneno mawili niliyoyakata. Alinisikiliza hadi mwisho. Mstari ule wa mwisho alikuwa ameshauwekea alama tulipokuwa tukiongea. Akaifuta alama ile kwa kidole, akawasha tochi, akaenda kuchungulia.