Viunzi vya Kuanikia Nguo

Mtaani wanamwita Kishindo, na wenyewe wanaona ni utani mtamu. Waliompa jina hilo walikuwa wamebanana sebuleni kwa jirani, macho kwenye televisheni, siku alipogonga kiunzi cha mwisho katika nusu fainali ya mbio za kuruka viunzi kwenye mashindano ya dunia, akaanguka kifudifudi huku akiwa anaongoza. Alipotua uwanja wa ndege hakumkuta mtu ila kaka yake mkubwa, seremala, amesimama na mwavuli. Wale waliokuwa wakijigamba kwamba ni ndugu zake wa damu, ghafla kila mmoja alikuwa na shughuli zake.

Siku hizi ni fundi cherehani. Anashonea barazani, futi shingoni, magoti yakimlilia kila anaponyanyuka. Uani, mbele ya macho yake, vimepangwa viunzi vya mbao alivyojifunzia kuruka, na kazi yake ni kuanika nguo juu yake.

Alikuwa bado msichana wa shule kaka alipovichonga, maana shule ilikuwa na kiwanja na haikuwa na kingine chochote. Mwalimu wa michezo wa wakati ule, Mungu amrehemu, alivipima siku vilipofika akasema ni sawasawa kabisa. Toka hapo hakuna aliyevipima tena. Nani ampimie fundi? Wiki ile ile binti huyo akajikwaa kwenye kiunzi, muundi ukachanika hadi mfupa ukaonekana, na mama yao akalia kama amefiwa. Jeraha lilipopona alirudi uwanjani, na ajabu ni kwamba hakuanguka tena. Alipaa. Aliwashinda wa shule yake, kisha wa shule zote, waliokuja kushindana juu ya viunzi vile vile kwa kuwa hapakuwa na vingine, mpaka akaitwa timu ya taifa.

Timu yenyewe ilikuwa na viongozi wengi kuliko viunzi. Waliwekwa kambini siku chache kabla ya safari, na mwaka wote uliobaki kila mtu alijitafutia mazoezi kwao. Yeye alirudi kwenye mbao za kaka. Nyumbani aliruka kama hana mifupa. Akienda nje, anagonga. Leo goti, kesho kisigino.

"Nyumbani unaruka vizuri, huku unagonga," kocha wa timu alimwambia. "Hiyo ni hofu, wala si mguu."

Akaamini. Alifunga, alisali, alikesha akijisema. Baada ya ile nusu fainali hakuhitaji tena kuambiwa na mtu. Shule yake ya zamani ilimwomba akafundishe wasichana, akakataa. Mwoga atamfundisha nani? Wakaomba tena, akakataa tena, mpaka wakachoka naye. Kati ya watu wote, kaka peke yake hakuwahi kumcheka, na aliyethubutu kutamka "Kishindo" mbele yake alikiona cha mtema kuni.

Juzi alikuja mwalimu mpya wa michezo, dada mchangamfu.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba hivi viunzi. Wasichana wangu wana miguu, lakini hawana cha kuruka. Na wewe mwenyewe uje, hata siku moja tu."

Sijui ni ile sauti, au ni uzee. Alijikuta anasema ndiyo. Akaanza kutoa nguo zilizoanikwa, na moyoni akawa anajiuliza avae nini siku hiyo. Ilikuwa miaka mingi hajafurahi namna ile.

"Vina kimo chake halisi, mama?"

"Hivi?" Akacheka. "Kavichonga kaka yangu!" Akavua futi shingoni ili amwoneshe.

Akapima. Akapima tena, akidhani ameshika vibaya. Akaenda cha pili, na cha tatu. Vyote vilipungua vidole vinne vizima. Akakipindua kimoja. Miguu ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na mahali pa kukatwa pamepakwa rangi ile ile ya kaka.

"Ngoja kidogo, mwalimu."

Kaka amelala chumba cha pembeni, dirisha linatazama uani. Vumbi la mbao limemmaliza kifua.

"Kaka, vile viunzi ulivikata?"

Mzee akatabasamu, kama mtoto aliyekutwa kajificha. "Ule muundi wako, mdogo wangu. Mama aliniambia mbao zangu zitamuulia mtoto. Nikavipunguza usiku usiku, nikapaka rangi. Si uliacha kuanguka?"

Kwa hiyo hakuwa mwoga. Miguu yake ilifanya kile ilichofundishwa, kwa uaminifu, mbele ya dunia nzima. Maisha yake yote alijichukia bure, na wa kumlaumu alikuwa huyu, mtu pekee aliyempokea na mwavuli. Alitaka kupiga ukelele. Akamtazama kifua kinavyopanda na kushuka kwa shida.

"Niliacha, kaka."

"Basi mpe mwalimu. Mwambie ni kazi yangu. Na uende navyo ukawafundishe."

Akatoka. Alijua mzee anasikia kila neno, na akitaja kimo, au akikubali kwenda kufundisha bila viunzi vile, mzee atauliza kwa nini.

"Mwalimu, sitoi. Nimeghairi."

"Lakini mama, sasa hivi si ulikubali? Na kuja kwetu je?"

"Siji."

Alimsindikiza hadi getini, akashusha sauti. "Tafuta vingine. Uvipime mwenyewe, kila mara." Dada wa watu alikuwa ameshageuza mgongo, machozi yakimlengalenga. Kufikia jioni mtaa mzima ungekuwa unajua kwamba Kishindo ni mchoyo pia.

"Umemnyima?" kaka akauliza dirishani.

"Nimemnyima."

"Uchoyo umekuanza uzeeni, mdogo wangu." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na dada yake akampelekea maji.

Kisha akarudi kuanika. Akachukua shuka la kaka, akalitandaza juu ya kiunzi, upande huu na upande huu. Pindo likagusa vumbi. Siku zote lilikuwa likigusa vumbi, na siku zote alikuwa akisema shuka hili ni refu.