Mashine Nzuri Iliyobaki Mwanza

Naikumbuka siku moja ya msimu wa pamba, mwanangu, na hata leo wingu jeusi likisimama upande wa Maswa moyo wangu hushtuka.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi kilikuwa na kompyuta kuukuu. Mimi, binti niliyetoka kusomea kompyuta chuoni Mwanza, nikapewa kazi ya kutengeneza programu ya kupanga foleni ya mikokoteni ya pamba, maana getini watu waligombana kila siku. Niliitengeneza kwenye mashine mpya ya chuoni. Ikaenda vizuri, wakanisifu. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikuuliza ile ya kiwandani ikoje.

Asubuhi hiyo mikokoteni ilijaa hadi barabarani. Nikaingiza disketi, kompyuta ikakwama. Nikaizima, nikaiwasha, ikakwama tena. Nje mbingu zikanguruma, na pamba ikilowa haina mnunuzi. Watu wakaanza kusukumana, fimbo zikainuka, mtu akapaza sauti, "Mtoeni huyo binti!"

Mzee Masanja, mpimaji wa pamba kwenye mizani, akaingia akafunga mlango.

"Mayu," akaniita, kama Wasukuma wamwitavyo mama au binti kwa heshima, "hii kitu uliijaribu wapi?"

"Mwanza, baba. Kwenye mashine nzuri."

"Na hawa wa nje wako Mwanza?"

Nikaichomoa ile disketi.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka. Chukua chaki, tutoke."

Yeye akawa anatuliza watu kwa Kisukuma, mimi naandika namba kwenye mbao za mikokoteni. Mingi iliwahi kuingia ghalani. Wa mwisho, wa mama mmoja mjane kutoka Lagangabilili, mvua iliukuta nje. Pamba yote ililowa. Hakunitukana. Alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Sasa wewe unataka kutengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wafugaji siku za chanjo, na umeniletea orodha ya laptop na simu za bei mbaya. Sikukatazi chombo kizuri. Lakini kwa kuanzia, laptop ya kawaida inayotunza chaji umeme ukikatika inakutosha. Kwanza nenda mnadani ukaone simu za wafugaji wenyewe: kioo kimepasuka, nafasi imejaa, mtandao wa kubahatisha. Nunua moja ya namna hiyo, na kila unachotengeneza kijaribu humo kabla hujamkabidhi mtu. Usione haya kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akutangulie, na mikono yako iwe ya heri kwa watu wa kwetu.