Nusu Kichwa cha Mwalimu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, ingawa hapa Elburgon vinyozi ni wawili tu na kisa chenyewe kinatembea mjini kimevaa kofia.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba. Nina mke, watoto wanne, na kipara. Ndiyo, kinyozi mwenye kipara. Wateja wangu wa kiwanda cha mbao, wanaokuja na unga wa msumeno nyweleni, husema nilijifunza kazi kwa kichwa changu nikakimaliza. Nimezoea kuchekwa. Nawaambia mapema mjue mimi si mtu wa kukasirika ovyo.

Binti yangu, nitamwita Rebeka, yuko darasa la nne. Kila mtihani huwa wa pili au wa tatu, akili ambayo mama yake anasema hakuitoa kwangu. Mwaka huu mwalimu mkuu alitangaza safari ya gari la moshi kwenda Kisumu, watoto wakaone ziwa na meli. Nauli, chakula cha njiani, nguo mpya: ilinishinda. Iliwashinda pia wapasua mbao wengi. Rebeka ndiye aliyenituliza: "Hakuna neno, baba. Ziwa halihami." Siku ya safari waliobaki walipelekwa stesheni kuwaimbia wenzao wimbo wa kwaheri, halafu wakarudishwa kufagia shule. Hata hapo nilinyamaza.

Kisha ukaja mtihani wa kuchagua watakaojaribu kuingia shule ya kati. Insha ilikuwa hii: "Mambo Niliyoyaona Kisumu."

Rebeka aliandika ukweli, kwamba Kisumu hakuiona. Akaeleza vile gari la moshi linavyoonekana likiondoka na wewe umebaki, na vile moshi wake unavyokawia juu ya miti kama nao hautaki kwenda. Mimi niliyeishia darasa la pili niliisoma, nikaiweka chini, nikaanza kunoa wembe uliokuwa mkali tayari. Alipewa sifuri. Wote waliobaki walipewa sifuri. Rebeka hakuchaguliwa, na tangu siku hiyo mtoto akawa anakula bila kusema.

Nikavaa koti la kanisani, nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa anajitazama kwenye kioo cha dirisha, akiipapasa ile njia ya nywele upande wa kushoto. Njia ile ameifuga tangu chuo cha ualimu, na mimi ndiye ninayemchongea kila Jumamosi.

"Mwalimu," nikasema, "mtoto ataandikaje asichokiona?"

"Mzee, swali lilikuwa moja kwa wote. Huo ndio usawa."

"Lakini safari haikuwa ya wote."

Akacheka. "Sikia, kinyozi. Wewe shughulika na nje ya kichwa. Ndani niachie mimi."

Nikamshukuru, nikarudi kazini kwangu.

Jumamosi akaja kama kawaida, akakaa, nikamfunga kitambaa shingoni. Benchi lilikuwa limejaa wapasua mbao, baba za wale waliobaki. Nikamnyoa upande wa kulia vizuri kabisa, sijawahi kunyoa vizuri hivyo. Halafu nikakung'uta mashine, nikafungua kitambaa.

"Bado huku," akasema.

"Huko ni kwa waliobaki, mwalimu. Hawapati kitu."

"Wacha mchezo, bwana! Maliza!"

"Mimi nashughulika na nje tu. Kwa nje nimeona nusu inatosha."

Mmoja benchini akaanza kumwimbia ule wimbo wa kwaheri wa stesheni. Wenzake wakaitikia. Mwalimu akatoka mbio mpaka kwa kinyozi wa pili, ambaye mwanawe naye alifagia shule siku ile. Nasikia yule bwana alimzunguka, akamtazama kwa heshima, akasema, "Kazi ya mwenzangu siigusi."

Angeweza kujinyoa zote abaki kama mimi, lakini mtu yule na nywele zake! Ameona afadhali kofia. Sasa anafundisha nayo, yeye anayewachapa watoto wakiingia darasani na kofia. Jumapili alisikiliza ibada akiwa nje, dirishani. Na Rebeka wangu, alipomwona akipita, alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Baba, hii insha ningeiandika vizuri. Na sikulipa nauli."

Wasomaji, hapo ndipo nilipo. Inspekta wa shule anakuja wiki ijayo, na mbele yake kofia itavuliwa. Jana mwalimu alimtuma mkewe. Alikaa jikoni na mke wangu, akasema nikimalizia kichwa kile, insha ya Rebeka itasahihishwa upya na atachaguliwa.

"Na wengine?" nikauliza.

"Amesema Rebeka," akajibu, macho chini.

Mke wangu anasema, "Mnyoe, baba Rebeka. Masomo ya mtoto si benchi lako." Anasema kweli. Nikikataa, huenda binti yangu akamaliza masomo yake kwa kuwaimbia wenzake kwaheri. Lakini nikikubali, Jumamosi nitawatazamaje wale wanaume wakikaa pale kungoja? Na niseme yote, kwa kuwa jina langu halionekani: hata angewasahihishia upya watoto wote, moyo wangu bado unataka kuiona ile kofia ikivuliwa mbele ya inspekta. Naliwaza jambo hilo nikila, nikisali, nikimnyoa mtu mwingine. Juzi nusura nimkate sikio mchungaji.

Gazeti hili litatufikia na gari la moshi kabla inspekta hajafika. Mashine nimeitia mafuta na kitambaa kimefuliwa. Niambieni ninyi, wenye nywele na wenye vipara: nimnyoe kwa ajili ya mmoja, au nimwache hivyo kwa ajili ya wote?