Ng'ombe wa Mutiso Kwenye Shuka Jeupe

Nthenya wa Matinyani alikuwa mjane wa maneno machache na ng'ombe wa watu. Mkamba mwenye akili haweki mifugo yake yote boma moja, ukame usije ukammaliza kwa mkupuo. Ndiyo maana Mutiso, rafiki wa marehemu mumewe, alimwachia ng'ombe mwekundu mwenye alama ya ukoo wao: upinde uliochomwa pajani.

Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua ng'ombe wamezidi, ikaja kuwapunguza. Mwekundu akaenda nao. Nthenya alituma habari kwa Mutiso. Mutiso akaacha kupita kwake.

Halafu ikaja sinema. Waliionyesha mchana ndani ya stoo ya duka, madirisha yamezibwa kwa magunia. Kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani ng'ombe walipita bila vumbi wala kishindo, kama wanaotembea usingizini mwa mtu. Katikati yao, bila wekundu wake, alikuwa yeye, na upinde wake pajani. Nthenya alijikuta amenyoosha mkono amfukuzie nzi machoni.

Mtu wa sinema akasoma maelezo: ng'ombe hawa waliuzwa na wenyewe kwa hiari, tena kwa furaha.

Mutiso, aliyekaa nyuma yake, aliinama. "Kwa furaha, shemeji?"

Nthenya aliinuka, akamwambia amfuate mpaka kambi ya chifu, kwenye ubao wa matangazo. Serikali ina adabu moja: ikikunyang'anya, inaandika. Karatasi ilikuwa bado pale, ingawa mbuzi wa chifu walikuwa wameonja pembe yake moja. Nthenya, aliyejifunzia herufi kanisani, alisoma kwa kidole, polepole. Ng'ombe jike mmoja, alama ya upinde. Anayemtunza, Nthenya. Amekataa kuuza. Amechukuliwa kwa amri.

Kwa Mutiso herufi zote zilikuwa nyayo za kuku. Akamsimamisha karani aliyekuwa akipita, asome naye. Karani akasoma yaleyale, ila kwa maringo. Mutiso akaomba aonyeshwe neno "amekataa" liko wapi, akaliwekea kidole gumba.

"Ulikataa," alisema.

"Nilishika kamba, shemeji, mpaka ikanichubua."

Walirudi stoo. Sinema ilikuwa inarudiwa kwa waliokosa nafasi. Safari hii mtu wa sinema alisoma maelezo mapema; alipofika kwenye furaha, Mutiso alikohoa kikohozi kirefu, watu wakacheka bila kujua kwa nini. Kisha akamgusa Nthenya kiwiko.

"Tulia," alinong'ona. "Mwekundu wetu anakuja sasa."