Chumba cha Ufuo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo badala ya mwiko. Msimamizi wa Ukarabati, mzee asiyevua kofia hata juani, aliniagiza niloweshe ukuta hadi ukatae maji. Ukuta mkavu wa matumbawe, yale mawe ya pwani, huinyonya maji lipu ya chokaa kabla haijashika.

"Na nikikuona na saruji hapa, ukiziba pumzi za ukuta," akasema, "rudi kwenu bara."

Kwetu ni Changamwe, ila wazazi walitoka bara. Nilicheka, nikachota maji.

Tangu hapo nilihamahama na kazi: Lamu, Vanga, Malindi. Tuligeuza majumba ya kale kuwa makumbusho. Nyaya za umeme tulizipitisha ndani ya mbao tusichimbe kuta. Boriti zilizoliwa na mchwa tuliziunga, hatukuzitupa. Kila mji nilipanga chumba, na kabla majirani hawajanijua jina nishafunga mizigo.

Jumba lililonishika ni la Bi Rukia, Kisauni. Hakuwa na mtoto. Alilitoa liwe makumbusho, akahamia kwa mpwa wake, mtaa wa Junda, kwa sharti moja: akifa, aoshwe katika jumba lake. Chumba cha nyuma kilikuwa na ufuo, mfereji wa sakafuni wa kupitisha maji ya kuoshea maiti. Mamake na bibi zake wote walioshwa hapo. Msimamizi naye alikwishachora vyoo vya wageni chumbani humo humo.

"Shikamoo, Bi Rukia. Sasa wageni watajisaidia wapi?" akauliza Msimamizi.

"Marahaba. Wapeleke kwako, si mbali."

Mafundi tukaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mwanangu, nimewapa nyumba nzima. Niachieni pa kuoshwa."

Msimamizi aliufuta mchoro. Vyoo tukavijenga uani, kwa mbao, mbali na kuta za kale. Chumba kile nilikipiga lipu mwenyewe. Bi Rukia alikuja akakipapasa.

"Chapumua. Una mkono, wewe wa bara. Ushaoa?"

"Bado, Bi."

"Wangoja nini? Utaoshwa na nani?"

Alipofariki nilikuwa Lamu. Niliporudi nilikwenda Junda kutoa pole, na mpwa wake akanisimulia. Ilikuwa Jumatatu. Walimpeleka hadi mlangoni, mlinzi akawazuia: "Jumatatu hatufungui. Njooni kesho." Msimamizi alikuwa keshastaafu, na sharti lile hakumwachia mtu. Mkuu wa Makumbusho hakupokea simu. Maiti hangoji. Wakageuza, wakamwosha Junda, bafuni, juu ya vigae.

Mimi nimeacha kazi mapema. Kifua kimechoshwa na vumbi la chokaa. Nimepanga Changamwe, chumba cha matofali ya saruji kinachotikiswa na malori, na jirani wa ukuta wa pili simjui jina. Vijana wa kazi wakinipigia simu kuuliza namna ya kuchanganya chokaa, nawaeleza. Kisha nawaambia waulize pia ufunguo utabaki kwa nani.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisauni. Wageni walikuwa wakikipiga picha kile chumba. Lipu haijapasuka popote, na ufuo ni mkavu.