Funguo Mbili Chini ya Paa Moja

Kwa muda mrefu nilimfahamu mwanamke mmoja kwa sauti yake tu, ingawa tuliingia chumba kimoja karibu kila siku ya kazi. Ningeulizwa ana macho ya namna gani, ningebabaika. Lakini kikohozi chake ningekitambua katikati ya soko la Mbarara siku ya sikukuu, redio zote zikiwa zinapiga kelele.

Ndivyo kazi ilivyotaka. Ofisi yetu ya serikali ilikuwa na makao Mbarara na tawi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, sehemu iitwayo Base Camp, na mimi nilikuwa msimamizi wa udhibiti wa ndani wa fedha. Jina ni refu kuliko mshahara wenyewe, lakini maana yake ni fupi: kuhakikisha hakuna mtu mmoja anayeweza, peke yake, kuomba fedha, kuziidhinisha, kuzitoa na kuzipokea. Cheo hicho nilikipata kwa shule ya usiku mjini Mbarara. Mchana nilibeba saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, jioni nilikaa darasani na vumbi la saruji nywele nzima, nikionekana mzee kuliko mwalimu. Umeme ulikatika kila ulipotaka. Nusu ya uhasibu niliyo nayo nimejifunza gizani, na hadi leo nikifumba macho hesabu zangu hutoka vizuri zaidi.

Sefu ya Nakivale ilikuwa kitu cha ajabu. Ilikuwa nzito kiasi kwamba naamini ardhi ya Base Camp imeinama kidogo upande ule. Ilikuwa na funguo mbili na tarakimu za siri za watu wawili. Ufunguo mmoja ulikuwa wangu, wa pili ulikuwa wa keshia, mwanamke huyo mwenye kikohozi. Yeye akizungusha tarakimu zake, mimi nageuka dirishani nampa kisogo. Mimi nikizungusha zangu, yeye anageukia ukuta. Hapakuwa na ruhusa ya kuchungulia hata kidogo.

Basi mapenzi yalitukuta tukiwa tumepeana visogo.

Dirisha langu lilitazama ziwa. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya maji kama maziwa yaliyomwagika na mtu asiye na haraka ya kuyafuta. Ng'ombe walipita ndani yake, na kwa mbali ulichokiona ni pembe tu, pembe ndefu nyeupe zikielea bila kichwa wala mwili. Nyuma yangu chuma kilikuwa kinasema tik, tik, tik.

"Leo unaona nini, mkaguzi?" angeuliza.

"Pembe, nyabo," ningejibu, kwa neno la kwetu la kumheshimu mwanamke. "Zinatembea zenyewe."

"Na mwenyewe hayupo?"

"Mwenyewe ukungu umemla. Umebaki mluzi wake tu."

Alicheka bila kugeuka, na mimi sikugeuka, na kicheko chake kikanipanda mgongoni polepole kama jua la saa mbili. Halafu zamu yangu ilifika. Yeye alikuwa na ukuta tu wa kutazama, lakini ukuta ule aliusimulia mpaka nikauonea wivu. Ufa mmoja ulikuwa mto. Mjusi alikuwa mkuu wa wilaya, ana ziara, hakuna aliyemwandalia chai. Nilikuwa nakosea tarakimu makusudi ili nianze upya. Nilipoandika kanuni zile nilifikiri wizi tu. Sikufikiri kwamba mtu akinyimwa uso wa mwenzake, atamsikiliza.

Kanuni ziliendelea hata nje ya chumba. Wenye funguo hawakuruhusiwa kusafiri katika gari moja, kwa hiyo kwenda Mbarara yeye alipanda pikapu ya ofisi, mimi bodaboda nyuma yake, nikimeza vumbi lake lote kwa furaha. Na kanuni iliyokuwa mama wa zote ilisema: funguo mbili zisilale chini ya paa moja. Yeye alilala nyumba ya wafanyakazi Base Camp. Mimi nilipanga chumba katika kijiji cha Kashojwa, kwa mama mmoja Mkongomani kutoka Kivu Kusini aliyeuza chai na maandazi karibu na ofisi.

Sasa utaona nilivyokuwa nimenaswa. Nikimwoa, kanuni yangu mwenyewe inavunjika kila siku jua likizama. Yeye asingeweza kuacha ufunguo: mshahara wake ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zake. Mimi nikiacha wangu, naacha na cheo, na miaka yote ya saruji na giza inakwenda na maji. Kwa hiyo nilinyamaza. Niliendelea kutazama pembe na kujiambia kwamba mtu anaweza kuishi hivi, amegeuka, mpaka kustaafu.

Kisha ikaja mvua moja ya alasiri. Sitaki kuikuza, lakini mvua ile iliwafundisha kuku kuogelea. Upepo ulitangulia, ukang'oa mabati ya nyumba ya wafanyakazi na kuyapeleka kusikojulikana, na mwenye nyumba wangu, aliyekuwa anafunga kibanda chake cha chai, akamkuta keshia amesimama ndani ya vyumba visivyo na juu. Hakuuliza mtu. Alimshika mkono akamleta nyumbani.

Nilikuwa nimekaa mlangoni nikiwatazama wanakuja katika mvua, wanawake wawili chini ya kitenge kimoja, na kwa kitambo kidogo niliona raha tu, kama mtu anayeota na anajua anaota. Ndipo nikakumbuka ufunguo aliouvaa shingoni kwa kamba, na niliouvaa mimi.

Nikasimama. "Karibu, nyabo," nikasema, nikatoka nje.

"Baba, unaenda wapi na hii mvua?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Jikoni."

Jiko lilikuwa kibanda cha pembeni, paa lake turubai. Nilichutama kati ya sufuria nikiwa na amani, hadi nilipoinua macho. Turubai lile lilianzia kwenye ukuta wa nyumba. Lilikuwa limepigiliwa misumari chini ya bati la nyumba, likaendelea moja kwa moja mpaka juu ya kichwa changu. Nililifuata kwa macho mara kadhaa kwa nia njema kabisa, nikitafuta hata upenyo wa kupitisha kidole. Haukuwepo. Lilikuwa paa moja.

Nikafungua mwavuli wangu, nikaenda kusimama katikati ya uwanja.

Mama mwenye nyumba alinifuata na sahani ya bugali, ugali wa kwao, na mchicha wanaouita lenga-lenga, kitenge kichwani. Aliponiona vizuri aliacha kusogea.

"Weye iko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Ni kanuni. Funguo zetu hazilali chini ya paa moja."

"Nyumba iko na fasi mingi."

"Fasi si shida. Shida ni paa."

Alinitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo wakimbizi wapya katika kituo cha mapokezi cha Kabazana, wale ambao bado hawajui watapewa kiwanja upande gani. Kisha akageukia mlango, ambapo keshia alikuwa amesimama amejifunga shuka kavu, akaongea kwa sauti ya kuwafikia majirani wote:

"Bon. Mie sikusoma mingi. Lakini niulize tu. Siku mutaoana, ile mafunguo itakuwa inalala wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga mwavuli. Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno kuoana mbele yetu, hata sisi wenyewe. Nilimtazama keshia, na kwa kuwa safari hii hapakuwa na sefu, sikuwa na sababu ya kugeuka. Alikuwa na macho ya kahawia iliyopauka kidogo, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Hayakuondoka kwangu.

"Swali zuri," akasema. "Ajibu mwenye kanuni."

"Ufunguo mmoja itabidi uondoke," nikasema.

"Upi?"

Maji yalikuwa yameingia viatuni. Sahani ilikuwa inajaa mvua mikononi mwa mama yule.

"Wangu."

Keshia aliingia ndani, na mama mwenye nyumba akanikabidhi bugali lililoloa, akasema, "Kula basi, bwana harusi," akamfuata. Nililala kwa jirani, chini ya paa lake halali, nikiwa nimelowa na nimetulia.

Mbarara, niliposema nataka kurudisha ufunguo, mkuu wangu alifikiri nimeiba. Nilipoeleza, akasukuma kiti nyuma.

"Sebo, bwana wangu, kanuni hizi wewe ndiye unayeziandika. Ongeza mstari mmoja. Isipokuwa kwa wanandoa. Nitatia sahihi."

Ulikuwa mlango mpana, nilivyouona. Ningepita na cheo changu, na mke, na ufunguo. Lakini mimi ndiye niliyezunguka vituo vyote nikiwaambia watu wazima, wenye watoto wa rika langu, kwamba hakuna mtu anayejipa ruhusa mwenyewe. Nikaweka ufunguo mezani. Akanipeleka stoo ya Kabazana, kuhakiki mablanketi na sufuria, ngazi ya chini, mshahara wa chini. Mablanketi yale, nakuambia, yalikuwa laini kuliko fedha yoyote niliyowahi kulinda.

Kilichobaki kilikuwa baba yake keshia, sajini wa kambi ya jeshi ya Makenke, Mbarara. Kiswahili cha kambi nilikuwa nakijua tangu utoto, na siku ile nilikitumia kwa kipimo. Tuliketi nje ya nyumba yao, nyama mezani, na yeye hakugusa.

"Nasikia ulikuwa na funguo ya gavumenti."

"Ndiyo, afande."

"Sasa hauna."

"Sina."

"Na mshahara?"

"Umeshuka kidogo."

"Kidogo ngapi?" Nilipomwambia, alifunga macho. "Eeh. Na huyu binti yangu, yeye bado iko na yake?"

"Bado."

"Kwa hiyo bosi atakuwa yeye."

"Baba," keshia akasema kutoka mlangoni.

"Wewe nyamaza, mimi naongea na mtu wa mablanketi." Akanigeukia. "Hii mkubwa yako. Alikuambia andika ruhusa, atasaini?"

"Alisema."

"Na wewe ukakataa."

"Nilikataa, afande."

Alichukua kipande cha nyama, akakitafuna muda mrefu, akitazama askari vijana wakipita na ndoo zao. Nilikuwa na hakika ananitafutia tusi linalonifaa, na kwamba kambi ile ilikuwa nayo mengi.

"Mtu kama wewe," akasema mwishowe, "jeshini tunaweka kwa mlango ya ghala, na hakuna mtu anapenda yeye." Akasukuma sahani upande wangu. "Kula. Kesho lete wazee wako, tuongee ng'ombe."